Io Alipochelewa Dakika Kumi

Wanamaji wa Ulaya wa karne ya 17 walipata latitudo kwa kupima urefu wa jua au wa Nyota ya Kaskazini juu ya upeo wa bahari. Longitudo ndiyo iliyowashinda. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo anayeitafuta lazima ajue saa ya pale alipo na ya bandari aliyotoka, kwa wakati uleule. Saa za enzi hizo hazikuhimili mawimbi.

Galileo, aliyegundua miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610, alipendekeza miezi hiyo iwe saa ya wote: mwezi ukiingia kivulini mwa sayari yake, huzimika, na wanaotazama Paris na ng'ambo huuona ukizimika kwa pamoja. Melini darubini haikutulia. Nchi kavu njia hiyo ilifaa mno, na mwaka 1668 Giovanni Cassini alichapisha majedwali ya nyakati za kuzimika kwa miezi hiyo.

Lakini Io, mwezi wa ndani kabisa kati ya hiyo minne, hakufuata majedwali. Ole Rømer, kijana kutoka Denmark aliyefanya kazi Paris, aliona kwamba tofauti hizo zina mpango. Dunia ikisogelea Mshtarii, Io huwahi. Ikienda mbali, huchelewa. Mzunguko mmoja wa Io, wa saa 42 na nusu, hauonyeshi kitu cha maana; tofauti hujilimbikiza miezi kwa miezi. Septemba 1676 Rømer alitangaza kwamba tarehe 9 Novemba Io atatoka kivulini dakika 10 nyuma ya wakati uliotarajiwa. Akatoka saa 11:35 jioni, badala ya 11:25.

Huo ndio ujasiri ninaouheshimu: kusema hadharani kabla ya tukio. Mwanafalsafa Descartes alikuwa amefundisha kwamba nuru hufika papo hapo. Rømer akasema nuru husafiri, na huchukua dakika 22 kukatiza njia ya dunia kuzunguka jua kutoka upande hadi upande. Leo tunajua ni karibu dakika 17.

Cassini alikataa, na hoja yake haikuwa ya kijinga: miezi mingine mitatu haikuonyesha jambo hilo waziwazi. Mwanasayansi Christiaan Huygens alikubali, akapiga hesabu na kupata kasi inayozidi kilomita 200,000 kwa sekunde. Ubishi ulikwisha mwishoni mwa miaka ya 1720, James Bradley wa Uingereza alipopata ushahidi mwingine kabisa katika nyota. Rømer alikuwa amefariki mwaka 1710.