Makatazo ya Nyumbani Thika na Ruiru

Mzazi wa Thika au wa Ruiru aliyemkataza mwanawe kula kwa jirani, kupiga mbinja usiku, kumjibu mgeni maswali, kukaribia maporomoko ya mto Chania au kuwasha runinga kabla ya Ijumaa jioni, aghalabu hakutoa sababu. Na mtoto naye, kwa kuwa alijua ya kwamba swali lake lingehesabiwa kuwa ukaidi, hakuuliza. Hivyo makatazo hayo yakashuka kutoka kizazi hadi kizazi mithili ya shamba la urithi ambalo hati yake imepotea: kila mmoja anaijua mipaka, wala hakuna anayemjua aliyeipima. Nia yangu ni kuitafuta hati hiyo, maana naamini ya kuwa ni machache mno kati ya makatazo hayo yaliyozuka bure. Karibu kila moja lilizaliwa na hofu, na hofu nyingi kati ya hizo zilikuwa za haki.

Tabaka la kwanza la makatazo hayo ni kongwe kuliko miji yenyewe. Kabla reli haijafika Thika mwaka 1913, na kabla mashamba ya kahawa ya walowezi hayajaitwaa ardhi ya Ruiru, nyumba za Wakikuyu wa sehemu hizo zilikuwa na migiro, yaani miiko ambayo mwenye kuivunja alipatwa na thahu, uchafu usioondoka kwa maji bali kwa tambiko. Watoto hawakuhesabiwa, kwa kuwa hesabu huita husuda na husuda huita mauti; hata mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa asili wa Wakikuyu, mabinti ambao simulizi huwataja kumi, walisemwa kuwa tisa kamili. Hadithi na vitendawili vilikuwa mali ya usiku, wakati moto umekwisha washwa na mifugo imekwisha rudi, na katazo la kuvisimulia mchana lina maana dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuchunga mbuzi: mtoto aliyezama katika kisa cha zimwi haoni mbuzi wakiingia katika mtama wa watu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alitenga sura nzima kuieleza elimu aliyopewa mtoto wa Kikuyu kabla ya kuja Wazungu, na aisomaye sura hiyo ataona ya kuwa nyumba ile iliyodhaniwa haina shule ilikuwa yenyewe ndiyo shule.

Thika ilipogeuka kuwa mji wa viwanda, ikawapokea Wakamba, Waluhya, Waluo na watu wa pwani, kila aila ilikuja na makatazo yake, na watoto waliocheza uwanja mmoja wakayachanganya yote. Aliyelelewa na jirani wa kutoka Mombasa alijifunza kutofagia usiku, asije akaifagia riziki ya nyumba, na kutomtaja nyoka kwa jina lake baada ya magharibi bali kumwita kamba. Yule wa Murang'a alikwisha ambiwa kwao ya kwamba mbinja ya usiku humwita nyoka huyo huyo. Watoto walipolinganisha maneno ya mama zao na kuyaona yakikubaliana, wakasadiki kuwa mambo hayo ni kweli. Nami siwalaumu, kwa kuwa katika nyumba za udongo zisizo na taa nyoka alikuwa kweli, na usiku wenye kimya ulimfaa mwenye kusikiliza kuliko mwenye kelele.

Lakini ada ya zamani haikumfunga mtoto peke yake, na jambo hili husahauliwa na wale wanaosema ya kwamba malezi ya wazee yalikuwa amri tupu. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Basi baba anayemwita mwanawe anamwita mzazi wake mwenyewe, na mama hudiriki kumwambia mtoto wa miaka mitatu, kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, “baba, njoo ule.” Mtu hawezi kumtukana kwa wepesi mtoto mwenye jina la baba yake, ulimi wake unajizuia, na mkono vilevile. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya nyumbani, kali kuliko nyingi, ila iliwekwa juu ya mzazi.

Tabaka la pili ni chungu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari ili kuwakomesha wapiganaji wa msituni walioupinga ukoloni, na kati ya mwaka 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu walitolewa katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa. Ilikuwapo saa ya kuingia ndani, na aliyeonekana nje baada ya saa hiyo alikuwa katika hatari ya kupigwa risasi. Akina mama walipelekwa kazi za lazima tangu asubuhi, baba wengi walikuwa kizuizini au msituni, na watoto wakabaki na amri chache walizoagwa nazo: jua lisikukute nje, usilie kwa sauti, homugadi, yule mgambo wa serikali, akikuuliza baba yuko wapi, sema hujui, ukiulizwa nani alikuja usiku, hukuona mtu. Mtoto aliyevunja amri hizo aliweza kumpoteza mzazi kwa neno moja.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, lakini amri hazikuondoka nayo. Mtoto yule wa kijijini alikua, akaja Thika kutafuta kazi kiwandani au Ruiru kuchuma kahawa, akaoa, akazaa. Na jioni ilipofika saa kumi na mbili akasimama mlangoni akiwaita wanawe kwa sauti ambayo wao waliidhania ukali tu. Kwa nini watoto wa jirani wanaruhusiwa kucheza hadi gizani nasi haturuhusiwi? Kwa nini nisimwambie mtu yule jina la baba? Mzazi hakujibu. Kizazi kile kilifunzwa kunyamaza wakati ambapo kunyamaza kulikuwa uhai, na wengi wao hawakuyasimulia mambo ya handaki kwa watoto wao hata walipozeeka. Mimi nayaona makatazo yao kuwa ndiyo masimulizi yao. Hawakuiandika historia, ila waliiingiza katika miili ya watoto wao, kwa saa ya kurudi nyumbani na kwa namna ya kumwangalia mgeni.

Tabaka la tatu lilitoka katika mishahara. Thika ya baada ya uhuru ilikuwa mji wa nguo, wa ngozi, wa mafuta na wa mananasi ya kopo, na familia nyingi za wafanyakazi ziliishi chumba kimoja katika safu za vyumba, mlango ukitazamana na mlango, choo na bomba vikitumiwa na wote. Hapo ndipo katazo la kula kwa watu lilipopata nguvu yake. Mtu ajaribu kuiona hali ilivyokuwa. Ni Jumapili alasiri. Mama amekwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, amefuatana na mwanawe wa miaka sita aliyevaa viatu vya kanisani. Jirani anakunja chapati, chakula ambacho kwao huonekana Krismasi, anaiweka katika kisahani na kumsogezea mtoto. Mtoto hanyooshi mkono. Anageuza uso kumtazama mama, na mama hasemi neno, wala hatikisi kichwa. Macho yake yanatua juu ya mtoto muda mfupi, kisha yanarudi kwa mwenye nyumba naye anaendelea na mazungumzo. “Nimeshiba,” asema mtoto, ilhali harufu ya samli imekwisha mjaza kinywa mate. Njiani kurudi nyumbani atasifiwa, au hatasemwa, na kutosemwa ndiko sifa yenyewe.

Watu wengi waliolelewa katika mtaa wa Makongeni, Thika, miaka ya 1970 na 1980 huikumbuka chapati hiyo, kila mmoja na yake, na baadhi yao bado wana kinyongo nayo. Husemwa kwamba wazazi waliogopa sumu na uchawi, na ni kweli kuwa wengine waliogopa. Walakini sababu iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba jirani yule alikuwa na mshahara uleule, deni lilelile dukani, na watoto wanne nyuma ya pazia waliokuwa wakiihesabu chapati ile kuwa yao. Mama aliijua hesabu hiyo bila kuambiwa. Kumkatalia mwanawe kulikuwa ihsani kwa watoto wa mwenziwe, na kulikuwa pia kuilinda heshima ya nyumba yake, isije ikasemwa jioni kwenye bomba la maji kwamba watoto wa fulani hawashibi. Laiti angemweleza! Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa kwamba kuna watoto nyuma ya pazia.

Runinga ilileta sheria za namna nyingine, nazo watu huzikumbuka kwa furaha. Hadi mwaka 1990 nchi ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, nacho ni Sauti ya Kenya, kilichobadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989, na nyumba iliyokuwa na chombo hicho ilikifungia ndani ya kabati la mbao lenye ufunguo, kikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Siku za shule hakikuwashwa. Baba alipoingia kutoka zamu ya mchana, kabla hajavua koti, aliweka kiganja cha mkono wake nyuma ya runinga. Runinga ikiwa na joto, wote wameasi. Watoto wakajifunza kuizima nusu saa mapema, kisha wakaipepea kwa daftari au kuipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, jambo ambalo lingeweza kuwaua kwa umeme, na ambalo baba asingeliwazia. Amri inayolindwa kwa upelelezi pekee humfunza mtoto ufundi wa kuukwepa upelelezi.

Kuhusu makatazo ya mahali sina maneno mengi, kwa kuwa sababu zake zinaonekana kwa macho. Maporomoko ya Chania na ya mto Thika, yaliyo karibu na hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908, yana mawe yenye utelezi na maji yenye nguvu, na wazazi walipowaambia watoto kwamba mto huchukua mtu kila mwaka hawakuwa mbali na ukweli. Mashamba ya mananasi yana walinzi na mbwa. Kahawa ya Ruiru ilikuwa ikinyunyiziwa dawa ya shaba mara kwa mara kwa ajili ya kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, na mtoto alikatazwa kupita kati ya mistari yake au kula tunda lake jekundu lenye utamu. Aina iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha mji huo, ilikusudiwa kuyahimili maradhi hayo mawili na kuipunguza dawa. Barabara ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2012, ililigeuza katazo la kuvuka barabara kuwa katazo la kuvuka pasipo daraja la miguu.

Imebaki habari ya fimbo, nami siwezi kuipita, kwa sababu makatazo yote haya yalilindwa nayo. Mtoto alitumwa akaikate mwenyewe, na akileta nyembamba alirudishwa. Kenya ilikataza viboko shuleni mwaka 2001, lakini Sheria ya Watoto ya mwaka huohuo ilimwachia mzazi haki ya kutoa adhabu ya kiasi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, ikamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, utoke kwa serikali au kwa mtu binafsi, na dhidi ya adhabu ya viboko. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikaifuta ile ya 2001 pamoja na ruhusa yake kwa mzazi. Wapo wanaodai kwamba mambo haya ni ya kigeni. Wausome Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, uliotungwa na Waafrika: kifungu cha 31 kinamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa wake, na kifungu cha 20 kinamtaka mzazi aitoe adabu ya nyumbani kwa utu na kwa kuichunga hadhi ya mtoto. Mzee aliyemwita mwanawe baba angeyakubali maneno hayo bila kusomewa mara ya pili.

Ruiru ya leo si ile ya kahawa. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliukuta mji huo na watu wapatao 239,000. Ile ya 2019 ikawakuta 490,000, na palipokuwa na mibuni pamesimama fleti za ghorofa tano na sita. Mzazi anatoka Kihunguro au Membley kabla ya mapambazuko ili aiwahi kazi Nairobi, na anarudi watoto wamekwisha lala. Amri za nyumbani sasa hutolewa kwa simu, kupitia msichana wa kazi au mtoto mkubwa: mlango usifunguliwe, hata anayebisha akiwataja kwa majina, simu irudishwe kabatini saa moja, mtu asipande juu ya paa kwenye kamba za nguo. Hakuna kiganja cha kupima joto, wala jicho la mama juu ya kisahani, na fimbo haifiki Ruiru kutoka Nairobi. Mama anayetumia dakika mbili kumweleza mtoto kwamba ukingo wa paa ni mfupi kuliko kiuno chake, na kwamba wezi huyajifunza majina ya watoto kwa kuwasikia wakiitana uani, ametoa katazo lilelile la zamani. Ila amempa mtoto kitu cha kushika akiwa peke yake, na watoto wa fleti zile wako peke yao tangu shule inapofungwa hadi usiku.