Mjue Ndege Kabla Hujamtupia Jiwe

Katika vijiji vya Ufipa wako wavulana wengi watembeao na manati shingoni. Mwulize mmoja wao, "Leo umeua ndege gani?" naye atakujibu, "Ndege tu." Habari ya maneno hayo mawili ndiyo nitakayoizungumza nanyi leo. Ndege si wamoja. Wako walao nafaka yetu, na wako walao wadudu waharibuo nafaka yetu. Mtu asiyeweza kuwapambanua humwua rafiki yake akidhani kwamba amemwua adui. Dawa ya ujinga huo haina gharama kubwa: baba na mama wafuatane na watoto wao kwenda kuwatazama ndege wa mwituni, na mtoto achukue daftari na kalamu badala ya manati.

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya Msanzi, katika Wilaya ya Kalambo. Siku isiyo ya shule huondoka alfajiri, kwa kuwa ndege wengi hutafuta chakula asubuhi na mapema, na jua likipanda hukaa kimya kivulini. Huvaa nguo zisizong'aa, hunong'ona, na huenda jua likiwa mgongoni mwao, ili nuru imwangukie ndege wala isiwapige wao machoni. Mwenye darubini aichukue, lakini asiye nayo asivunjike moyo. Mwenda pole hajikwai, tena huona mengi.

Mtoto na aandike mambo matano. Kwanza, tarehe na saa. Pili, mahali: shambani, mtoni, au msituni. Tatu, ukubwa wa ndege, akimlinganisha na shomoro, njiwa, au kuku. Nne, umbo la mdomo na rangi ya miguu. Tano, kazi aliyokuwa akiifanya. Mdomo hutuambia mengi: mdomo mfupi na mnene ni wa kuvunjia mbegu, na mdomo uliopindika kama ndoana ni wa kuraruia nyama. Lakini rangi ya manyoya peke yake yaweza kudanganya. Katika majani ya Ufipa wako ndege ambao dume wakati wa masika huwa mweusi mwenye mkia mrefu, na kiangazi kikifika hugeuka kuwa wa rangi ya udongo kama jike. Asiyejua atadhani kwamba ni ndege wawili mbalimbali.

Wakirudi nyumbani, mtoto amwulize bibi yake jina la ndege yule kwa Kifipa, na kesho yake amwulize mwalimu jina la Kiswahili. Hivyo elimu ya wazee na elimu ya shule zitakutana katika daftari moja.

Sasa nitawaeleza habari za mgeni mmoja anayestahili kuandikwa katika daftari hilo. Baina ya Novemba na Machi, wakati wa mvua, huja korongo weupe. Mwili wa korongo huyu ni mweupe, ncha na nyuma ya mabawa ni nyeusi, mdomo na miguu ni myekundu. Wengi wao huzaliwa Ulaya, ambako hujenga matundu yao hata juu ya mapaa ya nyumba. Baridi ikikaribia hufunga safari. Hawapigi mabawa njia nzima, bali huchukuliwa na hewa ya moto ipandayo kutoka katika nchi kavu. Juu ya bahari pana hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo wengi wao huizunguka bahari kwa kupita Uturuki, Sinai, Misri na Sudani, hata wakafika kwetu na kupita kwenda kusini.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi. Wengine walisema kwamba hulala chini ya matope ya maziwa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo mmoja, na tazama, shingoni mwake mlikuwa na mkuki wa Afrika wenye urefu wa sentimeta 80 hivi! Alikuwa amechomwa huku kwetu, akaruka nao mpaka kwao. Korongo huyo amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu wa shule katika Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege pete nyepesi za alumini zenye namba, ili aijue safari ya kila mmoja. Basi elimu hii kubwa iliendelezwa na mwalimu wa shule, mtu wa daftari na kalamu.

Je, korongo huyu ana faida gani kwetu? Chakula chake ni panzi, nzige, viwavi, na wadudu wengine. Nanyi mwajua kwamba Bonde la Rukwa, lililo chini ya uwanda wetu, ni mojawapo ya mahali ambapo nzige wekundu huzaliana. Tangu mwaka 1930 hata 1944 nzige hao walienea katika sehemu kubwa ya Afrika, wakaleta njaa. Ndiyo sababu mwaka 1949 shirika la mataifa la kupigana nao liliwekwa Abercorn, mji uitwao Mbala siku hizi, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, si mbali na Msanzi.

Mwaka 2009 nzige walizidi tena katika Katavi, Rukwa, na bonde la Malagarasi. Safari hiyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza dawa iitwayo Green Muscle katika hekta zipatazo 10,000. Dawa hii si sumu ya kawaida, bali ni ukungu umshikao nzige na kumwua polepole, wala haumdhuru ndege amlaye. Korongo hawezi kuwamaliza nzige peke yake, lakini ni askari asiyedai mshahara. Amwuaye kwa manati au kwa sumu hupunguza jeshi lake mwenyewe.

Lakini si haki kusema kwamba kila ndege ni rafiki. Kwelea kwelea ni mdogo kama shomoro, naye dume mdomo wake ni mwekundu na mnene. Mmoja hula kiasi cha gramu 10 za mbegu kwa siku. Wanafunzi, fanyeni hesabu: kundi la kwelea kwelea milioni moja litakula tani 10 kila siku. Mtoto alindaye shamba la ulezi au mtama ana haki ya kuwafukuza. Ila na amfukuze aliye mwizi, asimpige korongo aliyesimama pembeni akiokota panzi.

Wazazi na walimu, anzeni Jumamosi hii kwa ukurasa mmoja. Madaftari ya darasa zima yakikusanywa mwaka baada ya mwaka, kijiji kitajua korongo hufika mwezi gani, na kama wanapungua au wanaongezeka. Na mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, aandike namba na maneno yote yaliyomo, pamoja na tarehe na mahali, kisha ampelekee mwalimu au ofisa wa maliasili. Yuko mtu katika nchi ya mbali aliyeifunga pete ile, naye anangoja kujua ndege wake alifika wapi.