Jinsi tovuti za ofisi zinavyoweza kuanika siri za wafanyakazi

Ofisi nyingi nchini Kenya, kubwa kwa ndogo, huhifadhi rekodi za wafanyakazi katika tovuti zao: hati za mishahara, nambari za kodi, maombi ya likizo na hata vyeti vya daktari. Wengi hudhani kuwa nywila yatosha kuzilinda. Haitoshi.

Katika mji kama Bondo, kaunti ya Siaya, si kila shule ya kibinafsi, zahanati au chama cha akiba na mikopo kinachoweza kuajiri mtaalamu wa kompyuta wa kudumu. Fundi huitwa, akaunda tovuti kwa WordPress, mfumo usiolipiwa ulioanza mwaka 2003, kisha akapachika programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuiongezea tovuti kazi, ili isimamie masuala ya wafanyakazi. Akishalipwa huenda zake, na programu hiyo yaweza kukaa miaka bila kusasishwa.

Tovuti salama huuliza maswali mawili. La kwanza: wewe ni nani? Hapo ndipo nywila inapohitajika. La pili: je, unaruhusiwa kufanya hili unaloliomba? Kasoro inayozungumziwa hapa hutokea pale swali la pili linaposahauliwa. Ni kama jengo lenye bawabu mkali langoni, ilhali ndani hakuna chumba chenye kufuli.

Tuseme karani anafungua hati yake ya mshahara na kuona kwamba anwani ya ukurasa inaishia kwa nambari 57. Akiandika 58, anapata mshahara wa mwenzake. Hajavunja nywila ya mtu. Tovuti yenyewe imempa. Kuficha kitufe cha msimamizi kusionekane na karani hakusaidii pia, kwani ombi laweza kutumwa moja kwa moja bila kubofya kitufe chochote.

WordPress ina mtego wake. Baadhi ya waundaji hutegemea amri iitwayo is_admin wakidhani humtambua msimamizi. Jina hilo linapotosha. Amri hiyo huangalia tu kama ombi linahusu sehemu ya usimamizi wa tovuti, wala haijali mwombaji ni nani. Kuna maombi ambayo hata mgeni asiye na akaunti huyatuma na kupata jibu la "ndiyo".

Si kasoro ndogo. Shirika la kimataifa la OWASP, ambalo huorodhesha hatari kuu za programu za mtandaoni, liliiweka katika nafasi ya kwanza mwaka 2021, kutoka ya tano mwaka 2017.

Isitoshe, haipigi kelele. Huduma za eCitizen ziliposhambuliwa Julai 2023, wananchi walitambua mara moja kwa sababu zilikwama. Rekodi zikisomwa kisiri, tovuti huendelea kufanya kazi kama kawaida. Mfanyakazi huja kushtuka tapeli anapompigia simu akiutaja mshahara wake hadi shilingi ya mwisho, au ugonjwa wake unapogeuka gumzo sokoni.

Kuikagua si kazi ya gharama. Zahitajika akaunti mbili za majaribio, moja ya msimamizi na moja ya mfanyakazi wa kawaida. Kisha hujaribiwa kama ya pili yaweza kufungua kurasa za ya kwanza. Bondo haina haja ya kungoja wataalamu wa Nairobi: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopewa hati mwaka 2013, kimo papo hapo na hufunza usalama wa kompyuta.

Kisheria, mzigo ni wa mwajiri, si wa fundi aliyekwisha kuondoka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka mwajiri amwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika. Faini yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Naye mfanyakazi aliyeanikwa anaweza kumlalamikia Kamishna, ambaye sheria humpa siku 90 kukamilisha uchunguzi.