Haki ya kupanda Kinder Scout ilivyopiganiwa

KILA wikendi, treni zinazosafiri kati ya miji ya Manchester na Sheffield nchini Uingereza hushukisha watu waliovalia buti nzito katika stesheni ndogo ya Edale, eneo la Derbyshire. Wengi wao huwa na shughuli moja tu: kupanda mlima Kinder Scout na kurejea kijijini kabla ya jua kutua.

Leo safari hiyo haihitaji kibali wala ada. Hata hivyo, haki hiyo haikutolewa bure.

Mzunguko huo ni wa kilomita 13 hivi, na humchukua mtembezi wa kawaida saa tano au sita. Kutoka kijijini, njia huelekea magharibi ikipita malisho ya kondoo yaliyotenganishwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, hadi kwenye nyumba chache za Upper Booth. Kisha hufuata Mto Noe kuelekea chanzo chake, ikavuka daraja dogo la mawe na kuanza kupanda Jacob's Ladder, yaani Ngazi ya Jacob.

Mgeni anaweza kudhani kwamba jina hilo limetokana na Yakobo wa Biblia. La hasha! Masimulizi ya wenyeji yanamtaja Jacob Marshall, mkulima wa karne ya 18 aliyechimba vidato ili apande moja kwa moja huku farasi wake wa mizigo akizunguka kwa njia ya taratibu.

Kilele cha Kinder Scout hakina ncha. Ni uwanda mpana wenye urefu wa mita 636 kutoka usawa wa bahari. Hapo mtembezi hugeuka mashariki na kufuata ukingo wa kusini, katikati ya majabali yaliyochongwa na upepo na mvua, bonde zima likiwa chini yake. Hatimaye huteremka kwa kufuata kijito cha Grindsbrook hadi Edale.

Ardhi ya wawindaji

Mwanzoni mwa karne ya 20, uwanda huo ulikuwa mali ya watu wachache walioutumia kuwinda ndege wa jamii ya kware. Walinzi waliwafukuza wafanyakazi wa viwandani, ambao siku yao ya kuvuta hewa safi ilikuwa Jumapili pekee.

Mnamo Aprili 24, 1932, watu wapatao 400 wakiongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20, waliupanda mlima kutoka Hayfield, upande wa magharibi, bila idhini. Wenzao wa Sheffield walitokea Edale. Purukushani ilizuka kati yao na walinzi, na watu sita wakakamatwa. Watano walifungwa jela kati ya miezi miwili na sita.

Ikumbukwe kwamba kuingia katika ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai. Waliohukumiwa walishtakiwa kwa makosa kama vile kuzua ghasia. Ukali wa adhabu hiyo ndio uliowafanya hata waliopinga mbinu zao wawaonee huruma.

Sheria ya mbuga za kitaifa ilipitishwa mwaka 1949, na Peak District, ambamo Edale imo, ikawa mbuga ya kwanza mwaka 1951. Mwaka 1965 njia ya Pennine Way, yenye kilomita 431 kutoka Edale hadi Scotland, ilifunguliwa rasmi. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyowapa raia haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizoainishwa. Aidha, mwaka 2002 Mtawala wa 11 wa Devonshire aliomba radhi hadharani kwa yaliyotendeka enzi za babu yake.

Tahadhari

Mlima huo si mrefu, lakini ukungu hutanda ghafla na udongo wake mweusi wa mboji hunasa miguu. Ramani, dira na koti la mvua ni vya lazima. Kati ya Machi 1 na Julai 31, ndege wanapotaga, mbwa sharti wafungwe kamba.

Hata hivyo, sheria hiyo ya mwaka 2000 inahusu takriban asilimia nane tu ya ardhi ya England. Kwa wanaharakati, safari iliyoanzishwa na akina Rothman bado haijafika kileleni.