Picha 120 kwa Sekunde, Kutoka Chumba cha Pili

Tunduma iko mbali na mashine zinazoendesha gemu nyingi za mtandaoni, na umbali huo haufupishwi na bando la aina yoyote. Mwanga ukipita ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Ishara ikifuata njia hiyo kwenda na kurudi inakula milisekunde 9 hivi. Johannesburg, ambako kampuni kubwa za kompyuta zina vituo vya data, iko karibu kilomita 2,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka: milisekunde 20 kwenda na kurudi. London ni karibu milisekunde 75. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita hapahapa Tunduma kuungana na Zambia, lakini hata mkongo bora kuliko yote hauwezi kuushinda mwendo wa mwanga.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya skrini. Skrini ya 60 Hz hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7. Ya 120 Hz hubadilisha kila milisekunde 8.3, na ya 144 Hz kila milisekunde 6.9. Kwa hiyo anayetumia kompyuta iliyoko Johannesburg kupitia skrini ya 120 Hz atakuwa nyuma kwa picha mbili au zaidi, hata kila kitu kingine kikienda sawasawa. Ukitaka kutumia kompyuta yenye nguvu ukiwa umekaa pengine, na bado ufaidi skrini ya kasi, mahali pazuri pa kuiweka ni chini ya paa lako mwenyewe.

Sababu za kufanya hivyo zipo. Kompyuta ya gemu ina joto na kelele za feni. Kadi ya michoro kama RTX 3060 peke yake imeundwa kutumia hadi wati 170. Weka kompyuta hiyo chumba cha nyuma, ucheze sebuleni kwa runinga au laptopu nyepesi. Kampuni ya Valve iliingiza uwezo huo kwenye programu yake ya gemu, Steam, mwaka 2014. Moonlight, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2013 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve nchini Marekani, hufanya kazi hiyo ikishirikiana na nyingine ya bure iitwayo Sunshine. Na jambo ambalo wengi hawalijui: picha hizo hazitoki nje ya nyumba. Zinaishia kwenye ruta yako, hivyo hazili bando hata kidogo.

Tufuate safari ya mbofyo mmoja wa kipanya. Laptopu ya sebuleni inautuma kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma. Gemu inaupokea, kadi ya michoro inachora picha mpya, kisha sakiti maalumu ndani ya kadi hiyohiyo inaibana picha. Nvidia ilianza kuweka sakiti hizo kwenye kadi zake mwaka 2012, na bila hizo kazi hii ingeielemea prosesa. Picha iliyobanwa inapita kwenye mtandao wa nyumbani, laptopu inaifumua, skrini inaionyesha. Kila kituo kinachukua milisekunde zake.

Kubana hakukwepeki. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kila nukta inahitaji biti 24. Zidisha kwa picha 120 unapata karibu biti bilioni 6 kila sekunde, wakati waya wa gigabiti unabeba bilioni moja tu. Ukibana hadi megabiti 50 kwa sekunde, mzigo umepungua mara 120 hivi, na kila picha imebaki na kilobaiti 52 kwa wastani. Video ya kawaida ya mtandaoni inaweza kujiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele. Gemu haiwezi, maana picha inayofuata inategemea kidole chako, ambacho bado hakijaamua.

Hapo ndipo waya unapoonyesha thamani yake. Picha ya kilobaiti 52 hupita kwenye waya wa gigabiti kwa chini ya nusu milisekunde. Kwenye waya wa megabiti 100 picha hiyohiyo inachukua zaidi ya milisekunde 4, nusu ya muda wote wa picha moja ya 120 Hz, ingawa megabiti 100 ni mara mbili ya zinazohitajika. Gigabiti hutumia nyuzi zote nane za waya wa netiweki. Megabiti 100 hutumia nne tu. Uzi mmoja ukikatika ndani ya plagi, mara nyingi vifaa hushuka kimyakimya hadi 100, na mwenye nyumba anailaumu kompyuta. Kagua plagi kwanza.

Wi-Fi ina tabia nyingine. Hewa ni moja, na kwenye chaneli moja kifaa kimoja tu huongea kwa wakati mmoja, wengine husubiri. Madereva wa malori wa mpaka huu na Zambia wanaijua hali hiyo: kinachokula siku ni foleni, wala si barabara. Ndiyo maana kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa Oktoba 2019 kililenga kupunguza vituo vya kusimama, lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, na ruta za majirani zimo humohumo. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi, ila ukuta wa matofali ya kuchoma huyadhoofisha upesi. Kompyuta na laptopu zote zikiwa kwenye Wi-Fi, kila picha inapita hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta. Iunge kompyuta kwa waya, na foleni moja inaondoka.

Yapo mengine madogo yanayoharibu kazi nzima. Skrini ya sebuleni ikiwa ya 60 Hz, nusu ya picha 120 hazitaonekana. Kompyuta isiyo na skrini mara nyingi haina pa kutolea picha. Watu huichomekea plagi bandia ya HDMI, ikaamini ina skrini. Runinga nayo huipamba picha kabla ya kuionyesha, hivyo iwekwe kwenye hali ya gemu.

Usikisie, pima. Tumia amri ya ping kuelekea kwenye ruta. Kwa waya, majibu yote yatakuwa karibu milisekunde moja; kwa Wi-Fi yenye msongamano yatarukaruka, na huko kurukaruka ndiko kunakofanya gemu ikwame. Kisha fungua saa ya kuhesabu milisekunde kwenye kompyuta, weka skrini zote mbili sambamba, uzirekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde. Simamisha video, soma namba mbili, toa moja kwa nyingine. Rudia mara kadhaa, kwa sababu skrini yenyewe hubadilika kwa hatua za milisekunde 8.

Maarifa haya yanamfaa pia kijana wa Vwawa anayehariri video za harusi na mwanafunzi anayechora ramani za majengo, wote wakihitaji mashine nzito wakiwa na laptopu dhaifu. Anayejua milisekunde zake zinapotelea wapi hatanunua bando kubwa kutibu ugonjwa uliomo kwenye plagi. Fedha hiyo inunue mita chache za waya, na UPS ya kuilinda kompyuta pamoja na ruta umeme unapokatika.