Viti vya ngozi vya mtumba: piga hesabu kwanza

Mwenye gari wa Kasingirima anayetaka kung'oa viti vya kitambaa na kufunga vya ngozi vya mtumba asitazame bei ya viti pekee. Vikiagizwa Dar es Salaam kuna usafiri wa zaidi ya kilomita 1,000, malipo ya fundi na hatari ya kupokea visivyoingia. Seti itoke kwenye gari la toleo lilelile, ili matundu ya boliti, reli na soketi za umeme vilingane. Ngozi iliyopasuka mshononi ni hasara.

Kwa teksi inayobeba abiria na migebuka ya Ujiji, ngozi hufutika upesi, lakini nauli haipandi. Kava za rekisini zinatosha. Kwenye gari la kuuza ndipo fedha huweza kurudi. Viti vya zamani navyo vina mnunuzi.