Kitufe Ambacho Mama Hakukibonyeza

Saa nane usiku nilichungulia chumba cha mwisho katika wodi ninayofanyia kazi hapa Uingereza. Kitandani alilala binti wa miaka tisa, kichwani amebandikwa nyaya zaidi ya ishirini za kipimo cha umeme wa ubongo, EEG. Kando yake alikaa mama yake, mwenzetu wa Pwani, kitufe mkononi. Jioni nilikuwa nimemwambia, "Dada, ukiona chochote kisicho cha kawaida, bonyeza. Hata kama huna hakika."

"Mko salama?" niliuliza.

"Salama, dada yangu. Amelala tu."

Asubuhi kitufe kilikuwa hakijabonyezwa hata mara moja. Lakini kompyuta ilikuwa imeweka alama sehemu tatu. (Nasimulia kwa ruhusa yake, na mambo machache nimeyabadilisha asijulikane.)

Kipimo kile kilikuwa na uzito wake. Mama alikuwa amemwambia daktari kwamba binti hajaanguka kwa miaka miwili, na daktari alikuwa akifikiria kuanza kumpunguzia dawa. Mtoto ambaye bado ana kifafa akipunguziwa dawa anaweza kupata degedege kali zaidi, hata la kuhatarisha maisha.

Kompyuta ilijuaje? Mjerumani Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakisoma mistari yake kwa macho. Mashine ikichukua vipimo 256 kila sekunde, usiku wa saa 12 unatoa vipimo zaidi ya milioni 11 kwa waya mmoja tu. Jicho linachoka.

Fikiria umerekodi harusi nzima, kuanzia magharibi hadi alfajiri. Hesabu ya zamani ya Mfaransa Joseph Fourier itakuambia usiku ule kulikuwa na ngoma, zumari na vigelegele, na kila kimoja kwa kiasi gani. Haitakuonyesha waziwazi vigelegele vilipigwa saa ngapi. Nasi katika kifafa tunataka saa: degedege lilianza lini, na kwenye waya upi?

Hapo ndipo inapoingia hesabu ya weivuleti, yaani viwimbi. Mapema miaka ya 1980, Jean Morlet, Mfaransa aliyechunguza mitikisiko ya ardhi katika utafutaji wa mafuta, alishirikiana na Alex Grossmann kuijenga. Mwaka 1988 Ingrid Daubechies, mzaliwa wa Ubelgiji, alichapisha aina ya viwimbi ambavyo kompyuta huvitumia kwa urahisi. Unachukua kiwimbi kifupi, kinachoanza na kuisha, unakipitisha juu ya mstari wote wa ubongo, ukiangalia wapi vinafanana. Kisha unakivuta kiwe kirefu na kurudia. Kifupi hunasa mambo ya haraka, kirefu hunasa ya polepole.

Kwetu wapishi, ni kama chekeche zenye matundu tofauti. Vipimo 256 kwa sekunde hubeba mawimbi ya hadi 128 kwa sekunde. Chekeche la kwanza hutenga ya 64 hadi 128, la pili 32 hadi 64, kisha 16 hadi 32, 8 hadi 16, 4 hadi 8, na chini kabisa hubaki yasiyofika 4. Humo chini ndimo yalimo mawimbi ya usingizi mzito. Katika 8 hadi 16 yamo yale ya mtu mzima aliyetulia na kufumba macho. Programu hupima nguvu ya kila kapu, sekunde kwa sekunde. Nguvu ikipanda ghafla kwenye waya mmoja, ikabadilika mwendo na kusambaa kwa jirani zake, inaweka alama.

Hata hivyo, kompyuta haijui maisha. Tulipofungua video, alama ya kwanza ilikuwa saa tatu usiku: binti anatafuna biskuti. Misuli ya taya nayo ina umeme. Mbili zilizobaki, saa nane na nusu na saa kumi na moja alfajiri, zilikuwa degedege. Na kwenye video zote mbili mama anasimama, anamfunika mtoto kwa kanga, anautazama mlango.

Nilikaa naye. Sikumlaumu. Alilia, akasema, "Nilidhani nisipobonyeza, haitaandikwa. Nani atamwoa, dada?"

Nilimwambia habari za mdogo wangu. Nyumbani aliangukia jiko la mkaa, na watu wazima wakasimama mbali wakiogopa povu lake litawaambukiza. Kovu la mkono analo hadi leo. Kifafa hakiambukizi. Duniani wanaishi nacho watu wapatao milioni 50, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Kilichomuunguza mdogo wangu zaidi ya moto ni siri: nyumbani tulijua, na hatukumwambia mtu.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mwenye hali hii, andika kila tukio: saa, muda, kilianza upande gani. Mrekodi kwa simu ukiweza. Akianguka, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vya kumwumiza, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Ikizidi dakika tano, au akirudia kabla hajapata fahamu, piga simu ya dharura: Uingereza 999, Marekani 911, Oman 9999. Na dawa isiachwe bila daktari.

Mama alimweleza daktari yote siku ile. Dawa haikupunguzwa, ilibadilishwa. Usiku wa pili kitufe kililia mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa degedege. Mara ya pili nilikimbia nikamkuta binti amekaa kitandani akiomba maji. Ilikuwa ndoto tu.

"Samahani, dada, nimekusumbua bure," mama alisema.

Nilimwambia aendelee kunisumbua hivyohivyo.